Kuchangiwa au Kuchangiana? Vijana wa Michezo katika Safari za Baiskeli za Hisani

Katika Kiswahili, kiambishi kimoja chaweza kubadilisha hadhi ya mtu. Anayechanga hutoa, anayechangisha huwahimiza wengine watoe, anayechangiwa hupokea, nao wanaochangiana hutoa na kupokea kwa zamu. Mnyambuliko huu, unaofahamika fika na kila mwanafunzi wa sarufi, ndio kipimo kifaacho cha kutathmini safari za baiskeli za kuchangisha fedha, hasa pale ambapo vijana wanaolelewa na mashirika ya hisani ya michezo hualikwa kujiunga nazo. Je, vijana hao huwa wamekuja kuchanga, au wameletwa ili wachangiwe?

Mwendesha baiskeli atokaye Nairobi kuelekea Mombasa hufika Malili, katika Kaunti ya Makueni, baada ya takriban kilomita 60. Ni soko la kando ya barabara kuu, kwenye tambarare zinazotangulia miinuko ya Salama. Hapa baiskeli si pambo. Ni chombo cha kubebea mitungi ya maji, magunia na abiria. Aidha, Malili ni mahali palipozoea ahadi kubwa. Mwaka 2009, serikali ya Kenya ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza, na ujenzi ukazinduliwa rasmi Januari 2013. Wenyeji wa mahali kama hapa wana haki ya kumuuliza kila apitaye kwa jina la maendeleo: unaacha nini nyuma yako? Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apite, mwenyeji apunge mkono.

Hatari ya safari za hisani imo katika mgawanyo wa majukumu. Mgeni huendesha baiskeli, hutokwa na jasho, husifiwa kwa ujasiri wake na huandikiwa hundi na marafiki zake. Kijana ambaye fedha zinachangishwa kwa jina lake huvishwa jezi, husimamishwa mbele ya kamera, kisha hupewa nafasi ya kushukuru. Katika masimulizi hayo mgeni ndiye nguli, naye kijana ni mandhari tu. Msomi wa fasihi hawezi kukosa kuiona dosari hiyo: mhusika ambaye kisa kinamhusu amenyimwa usemi.

Ilhali mashirika bora ya michezo nchini Kenya yamejengwa juu ya msingi ulio kinyume kabisa. Shirika la michezo la vijana wa Mathare, MYSA, lililoanzishwa mwaka 1987, lilijulikana ulimwenguni kwa kanuni moja nyepesi: timu inayosafisha mtaa hupata alama katika ligi. Kijana hakupewa mpira kama sadaka; aliingia katika mapatano ya nipe nikupe. Kutoka katika shirika hilo ikazaliwa klabu ya Mathare United, ambayo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Hali kadhalika, katika Kaunti ya Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakuza wasichana kupitia kandanda tangu 2001, nao wasichana huongoza na kufunza wenzao. Vijana waliolelewa hivi wanapoalikwa kwenye safari ya baiskeli, ni aibu kuwarudisha katika nafasi ya kupokea tu.

Wenyeji wa Malili wana neno lao kwa fikra hii. Wakamba huita mwethya kundi la watu wanaokusanyika kufanya kazi ya pamoja, leo katika shamba la mmoja, kesho katika shamba la mwingine. Ni kwa nguvu za makundi ya mwethya ambapo matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo yalichimbwa katika vilima vya Ukambani. Katika mwethya hakuna mtazamaji. Aliye maskini huja na jembe lake, na kwa jembe hilo hupata haki ya kusaidiwa bila kuinamisha kichwa.

Isitoshe, Kenya imekwisha kuonja uchungu wa kuyapoteza maadili ya namna hii. Neno harambee, lililokuwa wito wa kuvuta pamoja na likawa kaulimbiu ya taifa lilipopata uhuru mwaka 1963, baadaye liligeuzwa kuwa jukwaa la wakubwa kutangaza ukarimu wao, hata ikabidi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iwawekee mipaka maafisa wa serikali katika michango hiyo. Safari ya hisani yaweza kupotoka kwa njia iyo hiyo.

Yamkini watakuwapo watakaopinga kwamba fedha ni fedha, na kwamba mfadhili hufungua mkoba anapoguswa na huruma. Hoja hii ina uzito, kwani mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo, huruma huchoka upesi kuliko heshima. Pingamizi la pili ni zito zaidi: barabara ya Mombasa ina malori mengi, na si busara kumtia kijana asiye na mafunzo katika hatari hiyo. Jawabu si kumwacha nyumbani, bali kumfunza. David Kinjah, kupitia kundi lake la Safari Simbaz huko Kikuyu, amewafunza vijana wengi kuendesha na kutengeneza baiskeli. Chris Froome, mshindi wa Tour de France ya 2013, alipitia mikononi mwake. Kijana aliyefunzwa hivyo haongezi idadi tu katika msafara. Ndiye wa kuitwa gurudumu linapopinda.

Katika riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika, wajumbe sita wanatumwa nje ya nchi, na warudipo na maarifa wanatiwa gerezani badala ya kusikilizwa. Kijana wa michezo naye ni mjumbe. Amesafiri, ameona, ana la kusema. Kumnyima nafasi ya kusema ni kumfunga kwa namna nyingine.

Kwa hivyo, waandaaji wa safari hizi wawape vijana viti katika kamati, si katika picha pekee. Hesabu za fedha zilizopatikana zisomwe hadharani, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, katika masoko kama Malili ambako msafara ulipita. Baiskeli zibaki kwa wanaozihitaji pamoja na ujuzi wa kuzitunza. Navyo vyama vya Kiswahili vyuoni visingoje kualikwa: vijitolee kuwasaidia vijana hao kuandika visa vya safari kwa lugha yao wenyewe, wakiwa watendaji wa sentensi, si watendwa.