Bodi ya Dola 35, Kipuri cha Senti

Kompyuta ndogo ya bodi moja inapogoma kuwaka, wenye maduka wengi huwa na jibu moja tu: kununua nyingine. Mazoea haya yalianza tangu Raspberry Pi Model B ilipotolewa Uingereza Februari 29, 2012 kwa bei ya dola 35, kwani kitu cha bei hiyo kilionekana hakistahili kupelekwa kwa fundi. Hesabu ilikuwa sahihi wakati bodi zilikuwa tele. Uhaba wa chipu ulipoukumba ulimwengu, iliwaumbua wengi. Oktoba 2021 kampuni ilipandisha bei ya Raspberry Pi 4 ya gigabaiti 2 kutoka dola 35 hadi 45, na mwaka 2022 walanguzi walikuwa wakiuza bodi kwa zaidi ya maradufu ya bei halali. Waliokuwa wametupa bodi mbovu walijuta.

Sehemu kubwa ya bodi hizo huuawa na umeme unaoingia, na mara nyingi chanzo ni chaja ya bei poa au waya mwembamba. Kwenye Model B, fundi mwenye mita ya kawaida huanzia penye alama TP1 na TP2. Bodi ikiwa imewashwa, hapo panatakiwa pasomeke kati ya volti 4.75 na 5.25. Pakisomeka pungufu, abadilishe kwanza chaja na waya kabla hajagusa kitu kingine. Wapo waliolipishwa gharama za ufundi kwa kosa la waya.

Volti zikiwa bado chini, macho yaende kwenye F3, fyuzi isiyoungua. Ikizidiwa hupata moto na kuubana umeme, kisha hupoa na kurudi, ingawa kurudi kikamilifu huweza kuchukua siku kadhaa. Lakini fyuzi haishtuki bure. Bodi ikishazimwa, mita ikaonyesha ukinzani unaokaribia sifuri kati ya TP1 na TP2, mshukiwa wa kwanza ni D17, dayodi ya kinga aina ya SMBJ5.0A. Kazi yake ni kujitoa mhanga pale volti zinapozidi, na ikifa hubaki imeunganisha umeme na ardhi. Iondolewe, kisha upimaji urudiwe. Sifuri ikitoweka, mgonjwa amepatikana. Ikibaki, hitilafu iko ndani zaidi, pengine kwenye chipu kuu, na hapo mwenye mali aache kutoa fedha.

Bodi iliyotolewa D17 huweza kuwaka na kufanya kazi kama kawaida, na hapa ndipo baadhi ya mafundi humpunja mteja: huikata, hupokea ujira, na humrudishia bodi isiyo na kinga yoyote. Chaja mbovu ya pili haitakuwa na dayodi ya kuua. Mteja adai mpya ifungwe, mstari wake ukielekea upande wa volti 5. Hali kadhalika C6, kapasita ya mikrofaradi 220 iliyosimama kama kopo dogo kando ya tundu la umeme, hung'oka kwa kugongwa tu. Bodi nyingi huendelea kuwaka bila hiyo, ila ikirudishwa, upande wenye alama nyeusi ni hasi; ikigeuzwa, inaweza kupasuka.

Dayodi na kapasita hizo zote mbili ni vipuri vya senti tu zinaponunuliwa kwa wingi. Wanaoagiza bodi kutoka nje wangeongeza pakiti moja ya kila kipuri kwenye shehena ileile, nauli isingebadilika, na wangeuza matengenezo kwa wateja ambao leo huwauzia bodi mpya tu. Faida kwa kila kazi ni ndogo, kweli. Lakini shule au duka lenye bodi kumi haliwezi kusubiri shehena ijayo, na mteja wa namna hiyo hulipa siku hiyohiyo.