Mwaka wa sita: wazazi waelezwe mapema, tena kwa Kiswahili

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, katika viwanja vya shule za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo au Bunia, kuna wazazi wanaopokea buletini na kushangaa. Mtoto alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi na yunifomu safi. Kaye zilikuwa zikijaa. Hakuna mtu wa shule aliyewaita kuwaambia lolote. Halafu karatasi moja inasema kwamba mtoto hakufaulu, na wakati huo hakuna tena la kufanya isipokuwa kumkaripia, kumlaumu mwalimu, au vyote viwili.

Jambo hilo linauma katika kila darasa, lakini linauma zaidi katika mwaka wa sita wa shule ya msingi. Mwaka huo ndio unaofunga masomo ya msingi. Mtoto anafanya mtihani wa serkali, ENAFEP, ambao wazazi wengi bado wanauita TENAFEP, katika Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Akifaulu, anapata cheti na kuingia mwaka wa saba. Hapo familia nyingi zinarudi tena kulipa feza ya shule. Asipofaulu, anarudia darasa, au anabaki nyumbani, au anatumwa sokoni na mashambani. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa mwaka wa sita ana haki ya kujua tangu mwezi wa tisa shule inangojea nini kwa mtoto wake, na inangojea nini kwake yeye mwenyewe.

Kwa nini hajui? Sababu ya kwanza inatoka mbali. Tangu miaka ya 1990, serkali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, wazazi ndio waliobeba shule kwa feza yao. Mzazi alijulikana shuleni kwa sababu alikuja kulipa, au kuomba siku chache za kulipa, au kumrudisha mtoto aliyefukuzwa kwa deni. Komite za wazazi zilikaa na wakuu wa shule, na mara nyingi mazungumzo yalikuwa juu ya kiasi cha feza. Masomo yenyewe yalizungumzwa kidogo sana.

Mwaka 2019 serkali ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, jambo ambalo Katiba ya 2006 iliahidi katika kifungu chake cha 43. Watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia shuleni, na hilo ni jema lisilopingika. Lakini feza ilikuwa ndiyo kamba iliyofunga mzazi na shule. Ilipokatwa, hakuna kamba nyingine iliyofungwa mahali pake. Mzazi akajiambia kwamba shule sasa ni ya serkali. Shule nayo ikajiambia kwamba mzazi asiyelipa hana la kuulizwa. Mlango ukafungwa pande zote mbili, na aliyebaki katikati ni mtoto.

Sababu ya pili ni lugha. Buletini imeandikwa kwa Kifaransa. Mama anayeuza unga katika soko la Kadutu au la Virunga anatia sahihi mahali anapoonyeshwa na mtoto wake mwenyewe. Anaona rangi nyekundu, lakini hawezi kujua kama ni Kifaransa kilichomshinda mtoto au ni hesabu. Hasomi maneno yaliyoandikwa juu ya bidii na mwenendo wake. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Tshiluba na Kikongo. Kifaransa kibaki lugha ya masomo na ya mtihani, lakini hakuna sheria inayokataza mwalimu kumweleza mzazi kwa Kiswahili mambo ya mtoto wake.

Dawa si ghali. Katika juma mbili za kwanza za mwezi wa tisa, kila mwalimu wa mwaka wa sita aitishe mkutano mmoja wa wazazi. Usiwe saa nne za asubuhi siku ya kazi, wakati mama yuko sokoni na baba yuko kwenye pikipiki akitafuta abiria. Uwe Jumamosi mchana, au Jumapili baada ya misa na ibada. Uendeshwe kwa Kiswahili. Na kila mzazi arudi nyumbani na karatasi moja tu.

Karatasi hiyo iseme mambo machache. Masomo yanaanza saa ngapi, na mtoto anayechelewa au kukosa kuja anafanywa nini. Mtihani wa serkali una masomo gani, na pointi zinahesabiwa namna gani katika mwaka. Siku gani mtoto anapewa kazi ya nyumbani. Ni siku gani mzazi anaweza kumwona mwalimu bila kuitwa. Na kama shule inaomba mchango wowote, ni wa nini, nani aliukubali, na risiti inatolewa wapi. Shule isiyo na feza ya kufotokopi iandike ubaoni, wanafunzi wenyewe wanakili katika kaye, na mzazi atie sahihi. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto mwingine au jirani.

Baada ya hapo, kaye ndogo ya mawasiliano inatosha kwa mwaka mzima. Siku hizi shule nyingine za mjini zinatumia makundi ya WhatsApp. Ni vizuri kwa wenye simu kubwa, lakini yasiwe njia pekee, kwa sababu mwenye simu ndogo hataona kitu, na mara nyingi ndiye mzazi anayehitaji habari kuliko wote. Tena mtoto akianza kushuka, mwalimu asingojee mwisho wa muhula. Mstari mmoja ndani ya kaye, mwezi wa kumi na moja, una faida kuliko maelezo marefu ya mwezi wa saba.

Wazazi nao wana sehemu yao, na si ndogo. Mtoto wa mwaka wa sita anayetumwa kuchota maji mbali kila asubuhi atafika darasani amechelewa na amechoka. Mtoto anayeuza karanga mpaka usiku hatapata nafasi ya kufungua kaye. Maisha ni magumu na hakuna anayeweza kumwambia mzazi aache kutafuta chakula. Lakini nusu saa kabla ya giza, siku za kazi ya nyumbani, inaweza kupatikana katika nyumba nyingi. Hata mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kusema: nionyeshe kazi yako ya leo. Mtoto anayejua kwamba ataulizwa anafanya kazi tofauti na yule asiyeulizwa.

Walimu watajibu kwamba wamechoka, na wana haki. Madarasa yalijaa tangu 2019. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo 2024-2025, walimu wa shule za umma katika majimbo mengi waligoma wakidai mshahara wa kuishi. Kisha vita ilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, shule zilifungwa, familia zikahama, na watoto wengine leo wanalelewa na shangazi au nyanya katika mtaa wasioujua. Kumwongezea mwalimu kazi nyingine bila kumsaidia si haki. Ndiyo maana komite za wazazi zinapaswa kubadilisha kazi yao. Zamani zilihesabu feza. Sasa zihesabu wazazi waliokuja mkutanoni, ziwafuate wasiokuja, na zijue mtoto gani analelewa na nani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi hiyo mwalimu hawezi kuifanya peke yake, lakini wazazi watano au sita wa mtaa mmoja wanaweza.

Wakuu wa shule na wakaguzi hawana haja ya kungojea amri kutoka Kinshasa ili mkutano mmoja ufanyike. Mzazi naye asingojee kuitwa. Juma hili aende shuleni, aulize jina la mwalimu, aulize mtoto amesimama wapi katika Kifaransa na katika hesabu. Akijibiwa vibaya, aende na mzazi mwenzake kwa komite. Maswali hayo yakiulizwa sasa, bado kuna miezi ya kurekebisha. Yakiulizwa siku ya buletini, jibu litakuwa limekwisha kuandikwa.