Sumu ukutani, hukumu kwa mpangaji

Polisi wanapovamia kiwanda bubu cha dawa za kulevya, wananchi huonyeshwa mapipa, chupa na watu waliofungwa pingu. Kesi hufunguliwa, magazeti huandika, magari huondoka. Nyumba hubaki pale pale. Ni nadra mtu kuuliza ni nani atakayelala ndani yake mwezi ujao, na watoto wake watatambaa juu ya sakafu iliyomwagikiwa kitu gani.

Swali hilo si dogo. Dawa iitwayo methamfetamini hupikwa kwa tindikali, kwa viyeyusho vinavyoshika moto upesi, na kwa kemikali nyingine ambazo hata mafundi wa viwanda halali hawazishiki bila ya kujikinga. Mpishi wa siri hana dohani, na madirisha yake ameyafunika ili jirani asione. Mvuke hupanda ukutani na darini, huingia katika zulia, godoro na mapazia. Masalia humwagwa katika karo, chooni au nyuma ya nyumba. Hakuna ubishi basi kwamba jengo lililogeuzwa kiwanda cha namna hiyo lazima lisafishwe kabla ya binadamu kurejeshwa ndani.

Namna ya kulisafisha nayo inajulikana. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia hifadhi ya mazingira ilitoa mwongozo mwaka 2009, kufuatia sheria iliyopitishwa na bunge la nchi hiyo mwaka 2007. Nyumba hufunguliwa ipate hewa. Vitu laini vilivyonyonya sumu, kama vile mazulia na magodoro, hutupwa. Dari, kuta na sakafu huoshwa kwa maji na sabuni, kuanzia juu kwenda chini, na kazi hurudiwa; shimo la maji machafu hukaguliwa. Rangi hupakwa mwisho kabisa, baada ya vipimo kuonyesha kwamba ukuta umetakata, kwani kupaka rangi juu ya sumu ni kuificha tu. Hii ni kazi ya ndoo, matambara na subira, ingawa wapo wafanyabiashara ambao wangependa ionekane kuwa ya miujiza ili bei ipande.

Ugomvi uko katika kipimo. Mpimaji hupangusa kwa kitambaa sehemu ya ukuta yenye sentimeta 10 kwa 10, karibu upana wa kiganja, kisha maabara huhesabu dawa iliyonaswa kwa mikrogramu. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Baadhi ya majimbo ya Marekani yaliweka kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa eneo hilo. California ikaweka 1.5. Tofauti ya mara 15 ndani ya nchi moja haikutokana na miili ya watu wa California kuwa migumu zaidi. Vikomo vingi viliwekwa kwa kufuata tahadhari na uwezo wa vyombo vya kupimia, wala si kwa kuhesabu wagonjwa.

Kilichotokea New Zealand kinastahili kusomwa na kila serikali yenye nyumba za kupangisha. Mwaka 2010 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kusafisha nyumba zilizokuwa viwanda, ikaweka kikomo cha 0.5. Mwongozo ule ulikuwa wa viwanda. Lakini shirika la nyumba la serikali, Housing New Zealand, ambalo wapangaji wake walikuwa makabwela wa nchi ile, likauchukua na kuutumia hata katika nyumba ambamo mtu alivuta dawa tu, bila ya kuipika. Makampuni ya kupima na ya kusafisha yakaota kama uyoga, na hofu ikawa bidhaa. Kadiri vipimo vilivyofanywa kwa wingi ndivyo nyumba zilizoitwa chafu zilivyoongezeka, na ndivyo hundi za umma zilivyotoka: dola milioni 100 na zaidi za nchi hiyo.

Na waliobeba adhabu ni akina nani? Kati ya mwaka 2013 na 2018 wapangaji wapatao 800, ambao pamoja na jamaa zao walikadiriwa kuwa watu 2,400, waliathirika. Wapo walioondolewa katika nyumba zao, waliopoteza vyombo vyao, waliodaiwa gharama za kusafisha na waliozuiwa kuomba nyumba nyingine ya serikali kwa muda. Mara nyingi hapakuwa na kipimo kilichochukuliwa siku mpangaji alipoingia, hivyo hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba masalia yale yalikuwa yake na si ya aliyemtangulia. Kitambaa kikawa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu.

Mei 2018 Sir Peter Gluckman, aliyekuwa mshauri mkuu wa Waziri Mkuu katika mambo ya sayansi, alitoa taarifa yake. Alieleza kwamba hapakuwa na ushahidi, kwa binadamu wala kwa wanyama, kuwa masalia ya kawaida ya uvutaji yaliyo katika kuta na sakafu yanamdhuru anayeishi humo. Alipendekeza kwamba vipimo vifanywe pale tu panaposhukiwa upishi au uvutaji uliokithiri, na kikomo kiwe 15, yaani mara 30 ya kile kilichokuwa kimewatoa watu majumbani. Septemba mwaka huo huo shirika liliomba radhi na kuahidi kuwalipa walioathirika, kwa kawaida dola 2,500 hadi 3,000. Fedha hizo zilinunua samani mpya. Hazikuweza kumrudishia mtoto mwaka wa shule alioupoteza kwa kuhamahama.

Sayansi ndiyo iliyowatetea wanyonge hawa, lakini ilichelewa kuitwa. Walioitwa kwanza walikuwa wauza vipimo.

Afrika haiko mbali na jambo hili. Mwaka 2016 maofisa wa Nigeria walivamia kiwanda kikubwa cha methamfetamini mjini Asaba, katika Jimbo la Delta, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo raia wa Meksiko. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2015, iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kukamata wahalifu kunahitaji chombo imara. Kutakasa jengo walilolichafua kunahitaji kanuni zilizoandikwa kabla ya tukio, wala si siku wapangaji wanaposubiri barabarani na magodoro yao. Kikomo kiwekwe na wataalamu wa afya. Anayepima asiwe yule yule anayelipwa kuosha. Kiwanda kitofautishwe na chumba cha mvutaji.

Yabaki malipo. Nchini Marekani serikali huondoa mapipa na kemikali, lakini gharama ya kuosha nyumba kwa kawaida humwangukia mwenye nyumba, hata kama aliinunua bila ya kujua historia yake. Utaratibu huo humpa tajiri wa dawa nafasi ya kuondoka na faida na kumwachia mwingine ukuta. Mali zake zinapotaifishwa na mahakama, fungu la kwanza liende kuosha nyumba aliyoichafua, na mpangaji aliyeingia baada yake asidaiwe hata senti moja.