UCHAMBUZI: Zombe ihesabu matangi na vyungu kabla ya kuhesabu alama

KILA mara matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa, mjadala huzuka kote nchini kuhusu shule zilizong'aa na zilizoburura mkia. Walimu wakuu hutakiwa wajieleze, wazazi wenye hasira hutishia kufunga malango kwa kufuli, nao wanasiasa huahidi mabasi mapya.

Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama mtoto aliyeketi darasani alikula chochote asubuhi, maji aliyokunywa yalitoka wapi na alitembea umbali gani kabla ya kengele kulia.

Katika maeneo kame kama Zombe, mashariki mwa Kaunti ya Kitui, majibu ya maswali hayo ndiyo huamua kiasi ambacho mtoto atajifunza. Mwalimu anaweza kuwa hodari na vitabu vikawa tele, lakini mtoto mwenye njaa husikia sauti ya mwalimu bila kuyashika maneno.

Eneo hili hutegemea misimu miwili ya mvua, nayo mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ambayo wakulima wa Ukambani huitumainia zaidi. Inapokosa, mwaka mzima wa shule huyumba. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano mfululizo iliambulia patupu katika maeneo kame ya nchi, mifugo ikafa na familia nyingi zikategemea chakula cha msaada.

Aidha, mivutano ya mara kwa mara kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia karibu na mpaka wa Kitui na Tana River imewatia hofu wakazi wa upande huu wa kaunti. Mtoto anayelala akihofia usalama wa wazazi wake hufika shuleni akiwa amechoka hata kabla ya somo la kwanza.

Serikali haikukosa kulitambua tatizo la njaa. Mwaka 1979, utawala wa Rais Daniel arap Moi ulianzisha mpango wa maziwa ya shule, ambayo kizazi kizima kinayakumbuka kama maziwa ya Nyayo. Mwaka uliofuata, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kutoa mlo katika shule za maeneo kame.

Mwaka 2009, serikali ilianzisha mpango wake wa mlo shuleni unaolenga chakula kinachonunuliwa kwa wakulima wa humu nchini, na kufikia 2018 WFP ilikuwa imekamilisha kukabidhi shule zake kwa serikali.

Hatua hiyo ilikuwa ya busara, kwa kuwa taifa haliwezi kulisha watoto wake kwa fadhila za wageni milele. Hata hivyo, chakula kinachotegemea bajeti ya Nairobi hufuata kalenda ya Nairobi. Fedha zikichelewa, magunia nayo huchelewa, na shule inayongoja lori hujikuta katikati ya muhula jikoni kukiwa na majivu pekee.

Ndipo linapozuka swali ambalo kila bodi ya usimamizi wa shule inapaswa kujiuliza: ni yapi tunayoweza kuyafanya wenyewe, kwa uwezo wetu, huku tukiendelea kuidai serikali haki ya watoto?

La kwanza ni maji. Katika shule nyingi za maeneo kame, wanafunzi hubeba mitungi ya maji kutoka nyumbani, ilhali paa la mabati lililo juu ya vichwa vyao humwaga maji ardhini kila mvua inaponyesha.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la madarasa matatu lenye mita 200 za mraba, msimu ukileta milimita 300, hupokea lita 60,000. Tukitoa moja kwa tano ya maji yanayopotea, hubaki lita 48,000.

Shule yenye wanafunzi 300, kila mmoja akitumia lita mbili kwa siku, huhitaji lita 600. Maji ya paa hilo moja yanaweza kuitosheleza kwa siku 80 za masomo, muda unaozidi muhula wa wiki 13. Kinachohitajika ni mifereji ya paa isiyovuja na matangi ya kutosha. Gharama yake si ndogo, lakini haifikii bei ya basi.

Kitui haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tangu miaka ya tisini, shirika la SASOL limeshirikiana na wakazi kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu ya kaunti hii. Ukuta hujengwa juu ya mwamba katika mkondo wa mto, mchanga hukusanyika nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga huo muda mrefu baada ya mto kukauka.

Kazi hiyo haikufanywa na saruji pekee. Ilifanywa na mwethya, yaani vikundi vya kazi ya pamoja ambavyo Wakamba wamevitumia kwa vizazi kuchimba matuta na kujengeana nyumba. Mwethya uliojenga bwawa la kijiji hauwezi kushindwa kujenga tangi la shule.

La pili ni chakula chenyewe. Kiwango kilichozoeleka katika mipango ya mlo shuleni nchini ni gramu 150 za nafaka na gramu 40 za jamii ya kunde kwa mtoto kwa siku, pamoja na mafuta kidogo na chumvi. Kwa wanafunzi 300, hizo ni kilo 45 za nafaka na kilo 12 za kunde au maharagwe. Gunia la kilo 90 huisha kwa siku mbili, na muhula wa siku 65 huhitaji takriban magunia 33 ya nafaka na tisa ya kunde.

Kwa mzazi mmoja mzigo huo unatisha. Ukigawanywa kwa wanafunzi 300, kila mtoto anahitaji chini ya kilo kumi za nafaka na chini ya kilo tatu za kunde kwa muhula.

Muhimu zaidi ni wakati wa kukusanya. Mavuno ya mvua za mwisho wa mwaka huingia ghalani miezi ya kwanza ya mwaka, muhula wa kwanza ukiendelea. Wakati huo ndengu, kunde na mtama huwa vingi na bei huwa chini, na mkulima huyauza kwa hasara kwa walanguzi. Kufikia Septemba, mkulima huyo huyo hununua chakula kwa bei ya kuumiza. Shule iliyo na ghala inaweza kupokea mchango wa mazao badala ya pesa, mzazi akaepuka madalali na mtoto akala mwaka mzima.

Mchango huo sharti uwe wa hiari na wa haki. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Hicho ni kielelezo cha jinsi karo ilivyokuwa imewafungia watoto nje. Itakuwa kinaya iwapo mtoto wa mjane atafukuzwa sasa kwa kukosa debe la mtama. Asiye na mazao aruhusiwe kuleta nguvu zake jikoni au kwenye tangi, na asiyejiweza kabisa mtoto wake ale bila kuulizwa.

Tahadhari nyingine inahusu ghala lenyewe. Mwaka 2004, mahindi yaliyoingia sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Ghala la shule lazima liwe na sakafu iliyoinuliwa na hewa ya kutosha, na nafaka ikaushwe vyema kabla ya kufungiwa. Chakula kisichotunzwa kinaweza kuwa hatari kuliko njaa yenyewe.

Lakini je, chakula pekee kitainua masomo? Utafiti uliofanywa katika shule 50 za chekechea magharibi mwa Kenya, ambapo nusu yake zilipewa uji, ulitoa jibu linalostahili kuzingatiwa. Mahudhurio yalipanda kwa takriban asilimia 30 katika shule zenye uji. Alama, hata hivyo, ziliongezeka tu pale ambapo mwalimu alikuwa na mafunzo mazuri. Isitoshe, upishi na ugawaji wa uji ulimeza sehemu ya muda wa masomo.

Funzo lake ni kwamba uji humleta mtoto darasani, lakini mwalimu ndiye humfundisha. Kwa hivyo, upishi uachiwe wazazi na wapishi, na mwalimu abaki na ubao wake.

Hapo ndipo linapokuja suala la tatu, ufundishaji. Tangu tathmini za Uwezo zianze mwaka 2009, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi hupanda madarasa bila kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mwalimu humaliza silabasi huku nusu ya darasa ikiwa imeachwa njiani.

Vitabu vyenyewe haviwezi kuziba pengo hilo. Watafiti waliogawa vitabu katika shule za Busia na Teso miaka ya tisini waligundua kwamba vilivyofaidika ni vichwa vilivyokuwa mbele tayari, kwani wanafunzi wengine hawakuweza kuvisoma. Kinyume chake, jaribio la mwaka 2005 katika shule 121 za magharibi mwa nchi lilionyesha kwamba watoto wa darasa la kwanza walipogawanywa kulingana na kiwango chao, waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma wote walipata nafuu, kwa sababu mwalimu alijua aanzie wapi.

Shule ndogo ya Zombe yenye mkondo mmoja haiwezi kuwa na madarasa mawili ya kila gredi. Hata hivyo, inaweza kutenga saa moja kila siku ambapo watoto wa gredi ya tatu hadi ya tano hupangwa kwa uwezo wa kusoma badala ya umri, na Kikamba kikatumika kueleza yale ambayo Kiingereza kimeyaficha. Mpango huo hauhitaji senti moja ya ziada.

Saa hiyo isitafutwe alfajiri wala likizoni. Marehemu Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku masomo ya likizo mwaka 2012, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikatilia mkazo katazo hilo. Mtoto anayetembea kilomita kadhaa gizani ili awahi masomo ya alfajiri hupoteza usingizi na usalama kwa pamoja, hasa akiwa msichana.

La nne ni utulivu wa moyo. Sheria iliharamisha kiboko mwaka 2001, lakini katazo lisiloandamana na ushauri nasaha huacha pengo. Kila shule inapaswa kuwa na angalau mwalimu mmoja ambaye wanafunzi wanajua watamwendea bila kuogopa siri zao kuvuja. Wasichana nao wanastahili visodo ambavyo sheria ya mwaka 2017 iliwaahidi, pamoja na choo chenye mlango na maji. Bila tangi tulilolitaja hapo juu, ahadi hiyo ya mwisho haitatimia.

Ukambani hauhitaji kukumbushwa gharama ya kutowasikiliza wanafunzi. Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, baada ya moto uliowashwa kwa makusudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni ulitolewa 2008, lakini Septemba 2024 watoto 21 walifariki katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Mwalimu mkuu hahitaji waraka mwingine kutoka wizarani ili ang'oe vyuma vya madirisha, afungue mlango wa pili na kuketi na wanafunzi mara moja kwa wiki kusikia malalamishi yao.

Wapo watakaosema kwamba kuitaka jamii maskini ijifanyie haya ni kuiondolea serikali lawama. Hoja hiyo ina uzito. Serikali ndiyo iliyotwaa jukumu la mlo, walimu na fedha za kila mwanafunzi, na inapaswa kulitimiza kwa wakati. Wawakilishi wa Kitui mashariki wana wajibu wa kudai hayo bungeni na katika kaunti.

Hata hivyo, jamii yenye tangi lake na ghala lake huidai serikali ikiwa imesimama wima. Isiyo na chochote hushukuru hata gunia moja lililochelewa miezi miwili.

Mvua za Oktoba zinapokaribia, bodi za shule za Zombe zinapaswa kuwa zimekwisha kukagua mifereji ya paa na kuziba nyufa za matangi. Mavuno yatakapoingia, ghala liwe tayari. Baada ya hapo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumuuliza mtoto amepata alama ngapi.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika nchi kame, tone likikingwa hujaza tangi, na tangi hilo ndilo msingi wa darasa.