Crosby Auzwe ama Apewe Mkataba Mpya? Hii Ngori ya Pittsburgh Inataka Mtu Aongee Ukweli

Najua unashangaa hoki ya barafu inakuhusu aje na wewe uko zako Umoja, jua linawaka. Tulia nikukumbushe kitu. Ukishuka Mombasa Road, pale Panari, kuna uwanja wa barafu, na hapo ndio mbogi yetu ya Ice Lions imejifunzia huu mchezo. 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada wakacheze kwa uwanja wa ukweli, na wasee wawili wakatokea kuchezea upande wao. Mmoja alikuwa Nathan MacKinnon. Mwingine alikuwa Sidney Crosby. Yaani fikiria uko na mechi yenu ya mtaa pale Jericho, alafu Salah na Haaland wanafika wakiuliza jezi ziko wapi.

2024 Kenya ikakubaliwa kwa shirikisho la hoki la dunia, IIHF. Kwa hivyo hii stori ni yetu kidogo, na huyu jamaa Crosby si mgeni kabisa.

Sasa, Crosby yuko kwa njia panda. Agosti 2025 alifikisha miaka 38. Msimu wa NHL wa 2025/26, ulioanza Oktoba 2025, ulikuwa wa 21 kwake, yote akiwa na timu moja: Pittsburgh Penguins. Shida ni kwamba hiyo timu imeanza kujijenga upya, na kujenga upya huchukua miaka ambayo yeye hana. Mkataba wake unaisha 2027. Mashabiki wamegawanyika. Kuna wale wanasema auzwe sahii wakati bado ana thamani, na wale wanasema apewe mkataba mwingine mpaka achoke mwenyewe.

Mimi nimekaa na hii maneno nikaona pande zote mbili zinaruka swali moja. Lakini tupige hesabu kwanza.

Rada ya Crosby na Penguins

Crosby aliingia 2005, akiwa chaguo la kwanza kwa drafti. Akiwa bado kijana aliishi kwa nyumba ya Mario Lemieux, legendi wa timu na mmoja wa wenye timu wakati huo. Alipewa ukapteni 2007 akiwa na miaka 19. Ameshinda Stanley Cup mara tatu: 2009, 2016 na 2017. Kuanzia 2007 mpaka 2022 Penguins walifika hatua ya mtoano kila mwaka, miaka 16 mfululizo. Hapo hakuna mtu alikuwa anauliza kama auzwe.

Alafu mambo yakapoa. Kufikia 2025, mara ya mwisho Penguins kushinda raundi yoyote ya mtoano ilikuwa 2018. Na misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, hawakufika mtoano kabisa. Machi 2024 wakamwachilia Jake Guentzel, fowadi ambaye walikuwa wanaelewana na Crosby kama mapacha, akaenda Carolina. Aprili 2025 kocha Mike Sullivan, yule wa makombe mawili, akaondoka. Mwaka huo akaingia kocha mpya, Dan Muse, na hiyo ndio ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa kocha mkuu NHL. Evgeni Malkin, mwenzake wa tangu kitambo, aliingia msimu wa 2025/26 akiwa kwa mwaka wa mwisho wa mkataba wake.

Ungedhani na hizo shida zote mzee amechoka. Wapi! Msimu wa 2024/25 alicheza mechi 80, akafunga mabao 33, akatoa asisti 58. Hizo ni pointi 91. Huo ulikuwa msimu wake wa 20 mfululizo wa kupata angalau pointi moja kwa kila mechi. Rekodi ilikuwa ya Wayne Gretzky, misimu 19. Crosby akaipita akiwa kwa timu ambayo haikufika popote.

Kwa nini wengine wanataka auzwe

Hapa lazima uelewe biashara ya NHL, juu si kama ya EPL. Huko timu haikuji na mamilioni ya pauni ikanunua mchezaji. Wanabadilishana: mchezaji kwa mchezaji, ama mchezaji kwa nafasi za kuchagua vijana kwa drafti. Na drafti iko hivi: ukimaliza chini, unapata nafasi nzuri ya kuchagua mapema. Ukimaliza katikati, unapata mabaki.

Penguins wenyewe wanajua hiyo dawa inafanya kazi. Msimu wa 2003/04 walikuwa mkia wa ligi. Ndani ya miaka minne wakawa wamechukua Marc-André Fleury, Malkin, Crosby na Jordan Staal, wote wakiwa kati ya machaguo mawili ya kwanza ya mwaka wao. Makombe yalitoka hapo.

Sasa angalia sahii. Ukiwa na Crosby anakupea pointi 91, hauwezi kuwa mbaya vya kutosha. Na ukiwa na timu imechoka nyuma yake, hauwezi kuwa mzuri vya kutosha. Drafti ya 2025 chaguo la kwanza la Penguins lilikuwa namba 11. Uko nje ya mtoano, na bado wale vijana moto wamechukuliwa na wengine. Ni kama matatu imekwama kwa raundi abauti. Haiendi tao, hairudi mtaa, na wewe fare ushalipa.

Chicago Blackhawks walitoka kwa hiyo raundi abauti. Februari 2023 walimpeleka Patrick Kane New York Rangers, mtu wa makombe matatu pale kwao. Msimu ukaisha wakiwa karibu na mkia, wakashinda bahati nasibu ya drafti, wakamchukua Connor Bedard. Kwa karatasi inakaa fiti sana.

Lakini soma risiti yote

Hapo ndio wengi hufunga kitabu mapema. Kwanza, Blackhawks walipewa nini kwa Kane? Chaguo la raundi ya pili, chaguo la raundi ya nne, na beki ambaye hakuna mtu anamkumbuka. Na bado wakaendelea kulipa nusu ya mshahara wake. Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu mkataba wa Kane ulisema hawezi kuhamishwa bila ruhusa yake. Alitaka Rangers, na Rangers wakajua. Ukienda Gikomba na muuzaji anajua hakuna kibanda kingine unataka, bei inapanda. Hapa ilikuwa kinyume: mnunuzi alijua muuzaji hana mteja mwingine.

Crosby ako na kipengele kama hicho. Hakuna mtu anaweza kumhamisha bila yeye kukubali. Wale wanapiga kelele mtandaoni ati "muuze tupate vijana wanne" wanaota mchana. Majina ambayo hayatoki kwa midomo ya watu ni mawili: Colorado, kwa MacKinnon, ambaye pia ni kijana wa Cole Harbour kama yeye, na Montreal, timu aliyoshabikia akiwa mtoto. Ukiwa na milango miwili tu, na mchezaji ana miaka 38, usitarajie gunia la dhahabu.

Pili, Blackhawks waliendelea kusota. Misimu miwili iliyofuata, yote, walimaliza nafasi ya pili kutoka chini kwa ligi nzima. Bedard ni moto, hakuna ubishi, lakini kijana wa miaka 18 alitupwa ndani ya jumba ambalo wazee wote wameshatoka. Kuwa mbaya kunakupea kijana. Hakukupei mtu wa kumwonyesha kijana kazi inafanywa aje saa moja asubuhi kwa mazoezi wakati mmechapwa mechi sita mfululizo.

Tatu, doo. Crosby analipwa dola milioni 8.7 kwa mwaka. NHL iko na kikomo cha mishahara ya timu nzima, na msimu wa 2025/26 kilikuwa dola milioni 95.5. Kwa hivyo kwa kila soo ambayo Penguins wanaruhusiwa kulipa, Crosby anachukua kama bob 9. Kwa mtu wa pointi 91! Na kikomo chenyewe kilipangwa kupanda mpaka milioni 104 msimu wa 2026/27 na 113.5 msimu wa 2027/28. Hii si ile stori ya mzee anakula pesa ya vijana. Jamaa yuko bei ya jioni, ile ya muuza mboga akitaka kufunga.

Kwa hivyo kibiashara, kumuuza kunaleta kidogo, na kumweka kunagharimu kidogo. Ukiangalia pesa peke yake, abaki.

Swali ambalo wote wanaruka

Tatizo ni kwamba kuna mtu hapa katikati, na muda wake unaisha.

Kumbuka Ray Bourque. Alichezea Boston Bruins zaidi ya miaka 20 bila kombe. Machi 2000 akaomba aachiliwe, wakampeleka Colorado. 2001 akainua Stanley Cup, akastaafu. Na watu wa Boston hawakumrushia mawe. Walijaa mjini kumshangilia na kombe la timu nyingine.

Ama chukua mfano wa juzi. Brad Marchand, kapteni wa hao hao Bruins, wakashindwa kuelewana kuhusu mkataba mpya. Machi 2025 akatumwa Florida Panthers. Juni 2025 akashinda kombe akiwa na miaka 37, na Florida wakampa mkataba wa miaka sita. Marchand ni rafiki ya Crosby. Unadhani Crosby hakuangalia hizo fainali?

Tofauti ni moja. Bourque aliomba. Marchand alikaa mezani akabishana. Crosby haombi. 2024 mkataba wake wa miaka 12 ulipokaribia kuisha, angeweza kudai pesa zaidi ama kungoja aone timu inaenda wapi. Alichukua ile ile milioni 8.7, miaka miwili, akanyamaza.

Na wewe unamjua huyu mtu. Yuko kwa familia yenu. Ni yule kifungua mimba ambaye alianza kutuma pesa nyumbani akiwa na miaka 19, akalipia wadogo wake fees, na kila mtu akazoea. Hakuna mtu alimuuliza, "Na wewe, ulikuwa unataka nini?" Watu wanasema anapenda kusaidia. Labda ni ukweli. Labda pia hakuna mtu amewahi kumfungulia mlango aone kama angetoka.

Hapo ndio naona Penguins wana deni. Meneja mkuu, Kyle Dubas, akingoja Crosby aje kuomba kuondoka, atangoja mpaka 2027, na ataita hiyo uaminifu.

Mimi nasemaje

Msimamo wangu ni huu. Dubas asimpigie mtu simu kutafuta bei. Amwite Crosby mwenyewe, waketi, amwambie bila kuzunguka: "Kapteni, hatutashinda kombe na wewe ndani ya miaka miwili. Vijana bado. Ukitaka kwenda pahali unaweza kushinda, chagua timu, na hatutakufinya kuhusu bei. Ukitaka kubaki ukijua hivyo, mkataba wa mwaka mmoja mmoja uko hapa mpaka utakaposema basi."

Akichagua kwenda, chukua hilo chaguo la raundi unalopewa na umshukuru. Lilikuwa kidogo tangu mwanzo. Akichagua kubaki, mashabiki waache kumhesabu kama kizuizi, juu amechagua na macho yakiwa wazi. Vijana watapata mwalimu, mtu ambaye Desemba 2025 alipita rekodi ya Lemieux. Lemieux alimaliza na pointi 1,723 akiwa Penguins. Msimu wa 2025/26 ukianza, Crosby alikuwa 1,687. Zilikuwa zinabaki 36 tu kumfikia, na kwa mtu wa pointi 91 hiyo ilikuwa kazi ya kabla ya katikati ya msimu.

Kitu ambacho siwezi kubali ni hii ya katikati, ya kusema tunajenga upya kwa mashabiki, alafu kwa Crosby tunasema bado tunapigana.

Na kuna jambo moja la kuchekesha hapa kwa wale wa EPL. Mwaka 2025 wenye Penguins walikuwa Fenway Sports Group. Ndio hao hao wenye Liverpool. Aprili 2025 walikuwa na mzee mwingine, Mohamed Salah, miaka 32, mkataba unaisha, kila mtu anauliza auzwe ama abaki. Wakampa miaka miwili, na mwezi haukuisha kabla hajashinda ligi. Lakini Salah alikuwa kwa timu iliyokuwa juu ya table. Alipoweka sahihi alijua ananunua nini. Crosby anastahili kujua pia.

Sasa nirudishie wewe. Ungekuwa kwa kiti cha Dubas, na huyu jamaa wa miaka 38 ameketi mbele yako, hajasema kitu, hajaomba kitu, ungeanza kwa kumwambia nini?