Faida ya Karatasi na Jasho la Wachuma Chai

Haki ya mfanyakazi mara nyingi huamuliwa mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki. Tumezoea kuitafuta katika sheria za kazi, katika mabaraza ya usuluhishi na katika mikataba ya hali bora. Ni mara chache tunakumbuka kuitafuta katika ule ukurasa wa ripoti ya mwaka ya kampuni unaoitwa “Sera za Uhasibu”, ambao wengi wetu huuruka kwa sababu ni mrefu na umeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Hata hivyo, ndipo kampuni inapoeleza imetumia kipimo gani kuhesabu faida yake. Abadilishaye kipimo hubadilisha faida, hata kama shambani halikuongezeka jani moja.

Tuangalie chai, zao linalolisha maelfu ya familia Mufindi, Rungwe, Kericho na Nandi. Mti wa chai hupandwa mara moja, ukachumwa kwa miongo mingi. Mhasibu anaulizwa: mti huo una thamani gani leo? Jibu la zamani lilikuwa jepesi. Walihesabu gharama ya miche, ya kulima na ya kupanda, wakaipunguza kidogo kidogo kila mwaka kwa ajili ya uchakavu. Kisha kikaja Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 41, kihusucho kilimo, kilichoanza kutumika kwa miaka ya hesabu iliyoanza tarehe 1 Januari 2003 na baada yake. Kenya ilikuwa imekwisha kuvipokea viwango vya kimataifa mwaka 1999. Tanzania ilivipokea Julai 2004, kwa uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kiwango hicho kiliagiza kwamba mimea hai na mifugo ithaminiwe upya kila mwaka kwa bei ya soko, na kwamba tofauti itakayoonekana iingizwe moja kwa moja katika faida au hasara ya mwaka huo.

Lakini ni gulio gani linalouza miti ya chai iliyosimama ardhini? Halipo. Kwa hiyo wathamini walilazimika kukisia fedha zote ambazo shamba lingeingiza katika miaka ijayo, kisha kuzipunguza kwa asilimia fulani, kwa kuwa shilingi ya kesho haina uzito wa shilingi ya leo. Tutoe mfano wetu wenyewe. Shamba linatarajiwa kubakiza shilingi milioni 100 kila mwaka kwa miaka 20. Mthamini akitumia asilimia 12, thamani yake ni kama milioni 747. Akitumia asilimia 10, inakuwa kama milioni 851. Tofauti ni zaidi ya milioni 100, yaani kupita mapato ya mwaka mzima wa kuchuma, na imetokana na kufuta tarakimu moja na kuandika nyingine! Aidha, chai huuzwa kwa dola. Shilingi ikianguka, thamani ya miti katika vitabu hupanda, na kampuni huonekana kufanikiwa katika mwaka uleule ambao mchuma chai ananunua unga na mafuta ya taa kwa bei iliyopanda.

Katika miaka hiyo wawakilishi wa wafanyakazi waliosoma kwamba kampuni imepata faida kubwa wangeweza kujibiwa kuwa hiyo ni faida ya karatasi tu, fedha taslimu hakuna. Mintarafu jibu hilo, ni lazima tuwe wakweli: lilikuwa sahihi. Huwezi kulipa mishahara kwa makisio ya miaka 20 ijayo.

Malalamiko yalikuwa mengi, hasa kutoka Malaysia yenye mashamba makubwa ya michikichi. Mnamo Juni 2014 bodi ya viwango, yenye makao yake London, ilikubali kurekebisha. Kuanzia tarehe 1 Januari 2016 mimea izaayo kwa miaka mingi, kama vile chai, michikichi na mizabibu, huhesabiwa kama mitambo ya kiwandani. Huwekwa kwa gharama na kupunguzwa uchakavu, ingawa kampuni inaweza pia kuchagua kuithamini upya mara kwa mara bila kuipitisha tofauti hiyo kwa kawaida katika faida ya mwaka. Majani yaliyo bado mtini yalibaki katika utaratibu wa bei ya soko.

Tuliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha, na bado tunayaona kuwa mema. Lakini ndani yake umo mlango mdogo ambao wachache wameuona. Kampuni iliyokuwa inahama iliruhusiwa kuichukua ile thamani ya makisio ya siku za mwisho na kuiita gharama. Turudi kwenye shamba letu. Tuseme kupanda kuligharimu milioni 200, lakini kitabu kilisema 851. Kwa miaka 20 iliyobaki, uchakavu wa gharama ya kweli ungekuwa milioni 10 kwa mwaka. Uchakavu wa ile iitwayo gharama ni zaidi ya milioni 42. Hiyo milioni 32 ya ziada hupunguza faida kila mwaka, na hakuna mtu aliyewahi kuitoa mfukoni.

Hapa ndipo dhuluma inapoweza kuingia bila yeyote kuvunja sheria. Makisio yalipopandisha faida, mfanyakazi aliambiwa asiyahesabu. Makisio yaleyale yanaposhusha faida, anaambiwa kampuni haina uwezo. Hatusemi kila kampuni imefanya hivyo, wala hatuwashitaki wahasibu, ambao wengi wao ni watu waaminifu na hutii kiwango kama kilivyo. Tunasema kwamba kipimo kinachokataliwa kikiwa upande wa mfanyakazi hakina haki ya kukubaliwa kikiwa dhidi yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akipatie chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe ya maana. Kwa maoni yetu, sera za uhasibu ni sehemu ya taarifa hizo, na zielezwe kwa Kiswahili. Viongozi wa matawi wasitosheke na mstari wa mwisho wa faida. Waiombe taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu, ambamo uchakavu hurudishwa kwa kuwa haukutoa fedha yoyote. Kadhalika, kiwango kipya namba 18 kilichotolewa Aprili 2024, kitakachoanza kutumika Januari 2027, kitazilazimisha kampuni kuonyesha faida ya uendeshaji mahali pamoja palipo wazi, na kueleza vipimo vya faida ambavyo wakurugenzi wamejitungia na kuvitangaza. Kitasaidia, iwapo kitasomwa na watu wengine zaidi ya wanahisa.

Kwa sasa tunawaomba viongozi wa matawi katika mashamba ya chai, na ya mkonge kule Tanga, waingie katika majadiliano yajayo na swali moja lililoandikwa: miti hii iliwekwa vitabuni kwa shilingi ngapi mwaka 2016, na ni ngapi kati ya hizo zililipwa kweli?