Saa ya Urithi Uwanja wa Shabaha Haiufai

Limezuka neno barazani kwetu ambalo sikuweza kulinyamazia. Wako wasemao kwamba saa ya kamani, maadamu ni ya bei kubwa, haidhuriki: uivae ukipiga bunduki, uivae ukipiga nyundo, itakwenda tu, kwani ndiyo maana ikauzwa ghali. Mimi nasema thamani mbali, na uimara mbali.

Ndani ya saa hiyo mna gurudumu dogo lendalo mbele na nyuma, na katika saa nyingi za siku hizi hupiga mara 8 kwa sekunde, yaani 28,800 kwa saa moja. Ncha za mhimili wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nazo zimekaa katika vijiwe vya yakuti. Abraham-Louis Breguet, fundi wa Paris, alikwisha kuuona udhaifu huo karibu na mwaka 1790, akatia kamani ya kupokea mshindo. Katika miaka ya 1930 ikaja kinga ya Incabloc kwa saa za mkono. Walakini kipimo cha kawaida cha kinga hizi ni mshindo wa kuanguka mita 1 juu ya mbao ngumu. Bunduki je? Mkono wa kushoto, ambao ndio wenye saa, ndio ushikao bunduki kwa mbele, nao hutikiswa kwa kila risasi, mpaka risasi mia. Saa nzuri haivunjiki siku hiyo, nakubali. Wengi huvaa wasione kitu. Ila skrubu hulegea, na ile kamani nyembamba kama unywele huweza kujishika, saa ikaanza kukimbia.

Hapo huletwa hoja ya askari. Ati katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman aliwatunukia maofisa wa Kiingereza saa za Rolex zenye jambia usoni, na hao si watu wa bunduki? Kweli. Lakini zama zile saa ilikuwa chombo cha kazi. Leo saa hizo hupiganiwa minadani, na uso wenye jambia ukibadilishwa na fundi, thamani imekwenda na upepo. (Ipo ya Richard Mille aliyochezea tenisi Rafael Nadal, lakini hiyo ilibuniwa kwa kazi hiyo hasa.)

Mtoto wa ndugu yangu, aliyekulia Maskati na apendaye sana shabaha, aliniuliza, "Ami, saa ya marehemu baba nikiifungia sandukuni si itakufa?" Suali hilo lazishinda hoja zote za barazani. Saa iliyolazwa miaka mafuta yake hukauka, na kumbukumbu ya mzazi kufichwa kabatini si heshima. Nikamwambia, "Mwanangu, ivae: Ijumaa, harusini, kazini. Siku ya shabaha mwachie mkeo."

Na kwa shabaha ziko za Casio, G-Shock, zilizotoka mwaka 1983. Mhandisi Kikuo Ibe alikusudia zistahimili kuanguka mita 10, wala hazina gurudumu lile la kuyumba. Bei yake haimnyimi mtu usingizi.

Hapa kwetu mafundi wa saa za kamani wanahesabika kwa vidole, tena wengi ni wazee. Ncha ikikatika, kipuri huagizwa ng'ambo, na mwenyewe hungoja miezi.